Lebo Mbili za Tanuri la Bibi Zuleha

Ifahamike kwa heshima zote kwamba Swaibu, mtoto wa mzee Sefu wa Ujiji, mhitimu wa kidato cha sita kutoka shule ya bweni ambayo walimu wake hawakutoa chozi siku alipoondoka, alipata kazi yake ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika majina.

Shirika moja la mjini Kigoma lilikuwa limewajengea akina mama wa mwambao matanuri mapya ya kukaushia samaki wa migebuka kwa moshi. Kila tanuri lilikuwa la matofali, limekaa ndani ya kibanda chenye mlango mmoja, na dohani yake ilipanda hadi juu ya bati. Baada ya kujenga, shirika likataka kujua kama moshi unapita njia iliyopangiwa au unabaki kibandani na wenye matanuri. Likanunua kipimamoshi, kidude cha kushika mkononi chenye kioo kidogo na mrija mrefu wenye ncha ya chuma. Vijijini watu walikitazama wakakiita rimoti, na hakuna aliyejisumbua kuwabishia.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Unachomeka ncha kwenye tundu la dohani, unasubiri namba zitulie, unahifadhi. Unatoka nje, unakiacha kidude kivute hewa safi kijisafishe. Kisha unaingia kibandani, unaweka ncha pale anapokaa mwenye tanuri, unasubiri, unahifadhi tena. Kila tanuri vipimo viwili, na kila kipimo kinapewa lebo yake, kwa sababu kidude hakijui kilikuwa wapi. Kinajua namba tu.

Lebo ndiyo iliyokuwa adhabu. Herufi zilitafutwa moja moja kwa vishale, na ukiipita herufi unayoitaka unazunguka alfabeti yote upya. Bwana Wilfred, fundi wa shirika, alikuwa na vidole vinene na macho yaliyohitaji miwani ambayo alikataa kuinunua. Ndiyo maana akaajiriwa Swaibu. Alielekezwa aandike kifupi cha kijiji, namba ya tanuri, na mwishoni D kama ni dohani au C kama ni chumba. Basi. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza.

Tatizo ni kwamba Swaibu hakuwa mtoto wa darasa la pili. Kule bweni alikuwa msajili mkuu wa majina ya utani, cheo ambacho hakupewa na mtu bali alikitwaa kwa uwezo. Aliwapa majina walimu, wapishi, mbwa wa mlinzi, na gari la shule ambalo lilikuwa likisukumwa zaidi kuliko lilivyokuwa likiendeshwa. Sasa mtu wa kiwango hicho unamwambia aandike MWG 4 D. Katika kijiji cha kwanza alivumilia. Walipofika Mwamgongo, kijiji cha bibi yake, uvumilivu uliisha kabla hawajashuka kwenye boti.

Aligundua kwamba vipimo viwili vya kila tanuri ni kama jozi, na jozi zinapendeza zikiwa na majina ya jozi. Tanuri la kwanza akaliandika MBUZI na KAMBA. La pili, CHAI na CHAPATI. La mama mmoja aliyekuwa akigombana na mumewe mbele yao bila kuwajali wageni, akaliandika SIMBA na YANGA. Bwana Wilfred hakuona kitu. Alikuwa akiangalia kama kioo kinawaka, akiridhika, akienda kutafuta kivuli.

La mwisho lilikuwa tanuri la Bibi Zuleha, mama wa mama yake Swaibu.

Hapa lazima isemwe namna wawili hawa walivyokuwa. Bibi Zuleha alimwita Swaibu mume wangu tangu siku alipozaliwa, na Swaibu alipojua kuongea akamwita kigori wangu. Kila neno lao lilipita kwenye utani kwanza, kama bibi na mjukuu wanavyotakiwa. Babu alipofariki, Swaibu alifika msibani akamwambia mfiwa kwamba marehemu ameondoka kwa sababu ya mapishi. Bibi akacheka ndani ya ushungi wake wa msiba mpaka waliokuwa wakilia wakanyamaza kusikiliza, na hakuna aliyesema mtoto kakosa adabu. Ndiyo kazi ya mtani. Kwa hiyo tanuri la bibi lisingeweza kupewa jina lolote jingine. Swaibu akatafuta herufi kwa vishale, akicheka peke yake: BIBI HARUSI. Na kipimo cha pili: BWANA HARUSI.

Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyunya, Bwana Wilfred alikuwa kwa mjomba Musa akila ugali na mgebuka wa kukaanga, na moto uliwashwa kwa ajili ya kipimo tu, maana ilikuwa mbalamwezi, na wavuvi, ambao huvua kwa taa gizani, hawakuwa wakiingia ziwani.

Siku chache baadaye, katika ofisi ya shirika huko Kigoma, Injinia Verediana aliunganisha kidude na kompyuta yake, akaanza kusoma lebo kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio.

"Mbuzi," alisema. "Kamba. Chai. Chapati."

Ofisi ilikuwa na watu watatu, na wote wakagundua ghafla kwamba wana kazi nyingi mezani. Swaibu alisimama mikono nyuma, uso wa mtu aliyezoea kusimama hivyo mbele ya meza za wakubwa. Alikuwa ameshaandaa maelezo. Alikuwa ameandaa hata toba. Lakini Injinia alifika kwenye Bibi Harusi akasogeza uso karibu na kioo, na ile sauti ya mahudhurio haikurudi tena.

Akageuza kompyuta ili Swaibu aone namba, akamweleza polepole, bila ukali. Kuna hewa moja katika moshi isiyoonekana wala kunusika. Ikisoma mia tisa ndani ya dohani, hilo ni tanuri zuri, mjenzi apongezwe. Ikisoma mia tisa pale anapolala mtu, na mlango umefungwa, mtu huyo anaanza kuumwa kichwa, anasikia usingizi mtamu, na usingizi huo haumrudishi. Bibi Harusi ilikuwa mia tisa na zaidi. Bwana Harusi haikufika hata kumi.

"Sasa niambie," alisema Injinia. "Bibi Harusi ni dohani au chumba?"

Swaibu alisema ni chumba. Alilisema haraka, kabla hajafikiri, kama anavyojibu mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

Injinia akamuuliza na Mbuzi je. Swaibu akasema Mbuzi ni dohani. Na Chai? Chai pia ni dohani, maana ndiyo inayotoa mvuke. Na Simba? Simba, Swaibu alikuwa amemsahau kabisa.

Injinia Verediana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. Alisema kwamba katika matanuri yote waliyopima mwambao mzima, namba kubwa imekuwa ya dohani na namba ndogo ya chumba, na kwa hiyo Bibi Harusi bila shaka ni dohani. Hawezi kuwaambia akina mama wa kijiji kizima wazime matanuri msimu huu kwa sababu ya harusi ya Swaibu. Vipimo vya Mwamgongo vyote anavifuta, vitarudiwa. Vitarudiwa lini, hajui, maana kidude kinakwenda Dar es Salaam kusahihishwa na kitarudi kikirudi. Akamwambia Bwana Wilfred ampigie mwenyekiti wa kijiji amkumbushe juu ya kuacha milango wazi. Bwana Wilfred akapiga, na mwenyekiti, aliyekuwa kwenye kelele za injini ya boti, akaitika ndiyo, ndiyo, sawa, akakata. Kisha Injinia akamshukuru Swaibu kwa kazi yake, kwa namna ambayo hata Swaibu alielewa kwamba kazi yenyewe imeisha.

Kilichomtoa jasho Swaibu hakikuwa kazi. Ni kwamba mbalamwezi ilikuwa imekwisha. Giza limeanza, wavuvi wameingia ziwani na taa zao, na katika giza Bibi Zuleha hutandika mkeka kando ya tanuri, hufunga mlango, na hulala pale pale na samaki wake mpaka mbalamwezi nyingine.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bandarini Kibirizi, akipanda boti ya abiria kati ya magunia ya unga na mama mmoja mwenye kuku wanne waliofungwa miguu. Ilikuwa safari ndefu ya kupita chini ya milima ya Gombe, na mtu hana la kufanya isipokuwa kufikiri, jambo ambalo Swaibu hakuwa amelizoea.

Alijaribu kuirudisha siku ile. Bibi harusi hukaa chumbani, kwa hiyo ni chumba. Hilo lilikuwa wazi. Lakini walipofika usawa wa kijiji cha kwanza akajiuliza kama anakumbuka, au anapiga hesabu. Kwa sababu vilevile alikumbuka kwamba alianza na dohani, na kila mara jina lililomchekesha zaidi ndilo aliloandika kwanza. Basi Bibi Harusi ni la kwanza, ni dohani. Lakini pia alijikumbuka akiwa amechuchumaa mlangoni, mvua ikimlowesha mgongo, akiitafuta herufi H na kuipita, akizunguka alfabeti nzima. H ya nani? Wote wawili walikuwa na H. Macho yalikuwa yanamwasha kwa moshi, alikuwa anacheka, na zile namba zilikuwa pale pale juu ya kioo, mbele ya pua yake. Hakuzisoma. Aliziona kama mtu anavyoona matangazo ya vifo vya watu asiowajua.

Mama mwenye kuku akamuuliza kama anaumwa. Swaibu akasema hapana.

Alimkuta Bibi Zuleha amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda, akipasua migebuka pamoja na Spesiosa, jirani aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana na kuolewa hapo hapo. Karai lilikuwa limejaa. Tanuri lilikuwa tayari linafuka, na samaki wa alfajiri walikuwa wamepangwa juu ya nyavu za chuma.

"Spesiosa, sogea, mume wangu amekuja," alisema bibi bila kuinua macho. "Amesikia kuna samaki. Nilipokuwa na njaa hakuonekana."

Swaibu akamwamkia, shikamoo, kwa sauti iliyomfanya Spesiosa amtazame mara mbili. Akachuchumaa mbele ya bibi yake akamwambia yote: kidude, namba, hewa isiyo na harufu. Akamwomba asilale kibandani. Akamwomba angalau aache mlango wazi.

Bibi Zuleha alimsikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa kimesimama kwenye tumbo la samaki. Kisha akamgeukia Spesiosa akasema safari hii amejitahidi, hata macho ameyafanya mekundu. Mwaka juzi hakuwa amefikia kiwango hiki.

Mwaka juzi. Swaibu alijua ni lipi. Alikuwa amempigia simu mjomba Musa kwa sauti nzito ya afisa uvuvi, akamtangazia kwamba kuanzia siku hiyo migebuka itauzwa bila vichwa, kwa kuwa vichwa ni mali ya serikali. Mjomba Musa, raia mtiifu, alikata vichwa vya matenga mawili. Soko la Mwanga lote lilitoka kuja kutazama samaki wasio na vichwa, na hakuna aliyenunua hata mmoja. Kule bweni hadithi hiyo ilimpa Swaibu heshima kubwa. Hapa Mwamgongo ilikuwa bado inaishi, imenenepa, na kila mtu alikuwa na toleo lake.

Akasema hii si kama ile. Bibi akasema hata ile haikuwa kama nyingine. Swaibu akapiga magoti kwenye magamba ya samaki. Spesiosa akaita wanawake wengine waje waone. Wakaja, wakasimama na makarai yao kichwani, na mmoja akauliza kama anaposa upya. Kila alivyozidi kusihi ndivyo walivyozidi kufurahi, na alipotokwa na machozi, machozi ya kweli yaliyomwaibisha, mmoja wao alipiga vigelegele.

Akamwendea mjomba Musa, aliyekuwa ametoka ziwani alfajiri na alikuwa akishona nyavu. Mjomba hakucheka. Alimsikiliza bila kuinua kichwa, akavuta uzi, akauliza swali moja tu: je, safari hii serikali inataka na mikia? Kisha akaendelea kushona, na Swaibu akaelewa kwamba mlango huo hautafunguliwa.

Aliporudi, wingu lilikuwa linavuka ziwa kutoka upande wa Kongo, jeusi, na akina mama walikuwa wanakimbiza samaki ndani. Bibi Zuleha aliingiza karai la mwisho. Alikuwa macho tangu kabla ya alfajiri, na alipoinuka alishika ukingo wa mlango kwanza, akafumba macho kidogo. Swaibu akamuuliza kama kichwa kinamuuma.

"Kinaniuma," alisema bibi. "Nina mume asiye na kazi."

"Tangu lini, bibi?"

Pengine ni kwa sababu alimwita bibi, si kigori. Mwanamke yule alimwangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake uliacha kucheza. Akamvuta mkono, akamsogeza ndani ya kibanda, mbali na Spesiosa, akasema kwa sauti ya chini. Kati ya watu wao kuna mahali utani unaishia, na wote wawili walipajua, ingawa hawakuwahi kufika pamoja.

"Swaibu," alisema. Hakuwa akimwita jina lake mara nyingi. "Babu yako alikufa akijua sisi hatuapi ovyo. Sema wallahi, ile rimoti ilisoma kifo hapa, kwenye mkeka wangu. Sema, na mimi leo leo nauzima huu moto, hawa samaki waoze."

Ilikuwa neno moja. Alikuwa amesema maneno elfu tangu asubuhi na yote hayakuwa na thamani, na hili moja lilikuwa linatosha. Swaibu alitazama mkeka. Alitazama dohani, na lile tundu dogo la kipimo lililokuwa usawa wa kifua chake. Alijitahidi kujiona siku ile, ncha ya chuma iko wapi, mkono uko wapi, kidole kinabonyeza herufi gani. Alimwona kijana anacheka. Hakuona kingine chochote.

Angeweza kuapa tu. Hilo pia lilimpitia. Lakini bibi alikuwa amemkazia macho, na kuapa uongo kwa jina la Mungu juu ya mkeka wa mama wa mama yake ni kitu ambacho hakuna bweni lililomfundisha kukifanya. Na kama si kweli, kama Injinia alikuwa sahihi, samaki wa giza zima wangeoza kwa ajili ya wallahi yake.

"Bibi, nadhani," alisema.

Bibi Zuleha alisubiri kidogo zaidi, kwa haki. Kisha uso wake ukarudi kama ulivyokuwa, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kumwonea huruma.

"Anadhani," alimwambia Spesiosa aliyekuwa nje. "Mume wangu anadhani."

Matone ya kwanza yakagonga bati. Swaibu alikaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo mmoja, miguu kwenye mwingine, ili mlango usifungike. Upepo ukaingiza mvua ndani, moto ukasinyaa, majivu yakarukia samaki. Bibi alimwambia aondoke, kwa utani. Akamwambia tena, bila utani. Mjomba Musa akaitwa, akaja amejifunika turubai, akamwinua kwa kwapa kama anavyoinua tenga akamweka nje kwenye matope. Mlango ukafungwa. Komeo likasikika.

Spesiosa alikimbilia kwake. Mjomba alirudi kwenye nyavu. Mchana ule uligeuka kijivu, ziwa halikuonekana tena, na Swaibu alibaki amesimama chini ya ukingo wa bati, shavu kwenye ubao wa mlango. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani. Ulikuwa unatoka pia chini ya bati, kidogo. Labda kila kibanda hutoa hivyo. Hakujua.

Akagonga.

"Nimelala," alisema bibi kutoka ndani.

"Kigori," alisema Swaibu, "nimekuja kukuacha rasmi. Unakoroma."

Sauti ikasema kwamba aliyeachwa ni Swaibu, na matango aliyoleta utotoni kuwa mahari ayachukue. Swaibu akasema mahari ilikuwa kubwa kuliko uzuri. Bibi akajibu jambo kuhusu masikio yake ambalo haliandikiki. Swaibu akahesabu pumzi zake, akagonga tena, akasema migebuka yake inanuka soksi za bweni. Jibu likaja, refu, lenye hasira. Akalishukuru moyoni. Akatafuta tusi jingine. Alikuwa na hazina kubwa ya matusi ya heshima, aliyokusanya miaka sita, na sasa aliyatoa moja baada ya jingine kupitia upenyo wa ubao, akisikiliza kila mara kama linajibiwa, na baada ya muda gani.

Majibu yalikuwa yanafupika. Huenda alikuwa amechoka tu. Mwanamke wa umri ule, aliyeamka kabla ya alfajiri, anaruhusiwa kuchoka.

Aligonga kwa ngumi mbili akapaza sauti kwamba babu alimwambia siri, kwamba hakuwahi kuupenda mchuzi wake wa mawese hata siku moja, alikuwa akimpa paka.

Hakujibiwa. Mvua ilipiga bati. Aligonga tena, akaita kigori, akaita bibi, akaita Zuleha kwa jina lake kama mtu asiye na adabu kabisa.

Komeo likavutwa. Bibi Zuleha alisimama mlangoni, ushungi umeteleza, macho mekundu, ameshika ubao wa mlango kwa mkono mmoja na kata ya maji kwa mkono mwingine. Alimmwagia yote usoni. Moshi ulimpita ukatoka, hewa ya ziwa ikaingia, na yeye alisimama pale akihema kwa hasira, akihema kwa nguvu, huku Swaibu akimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka na kutamani hasira hiyo isiishe.

Iliisha. Alimwambia paka huyo alikuwa na akili kuliko yeye, akarudi ndani, akafunga mlango.

Swaibu alijifuta uso kwa mkono. Giza la mwezi ule lilikuwa ndiyo kwanza limeanza. Akaegemeza shavu kwenye ubao, akaanza kufikiria tusi litakalofuata.